Hesabu ya Msomaji Mwisho wa Mwezi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kila mwenye duka mjini Thika, awe auza misumari au unga wa ngano, aijua kweli ya neno hilo kuliko niijuavyo mimi. Kwani jioni ya siku ya mwisho wa mwezi, wengine waendapo makwao, yeye husalia nyuma ya meza yake, mlango umefungwa nusu, akafungua daftari na kutazama kilichoingia na kilichotoka, aliyelipa na ambaye bado, bidhaa iliyomletea faida na ile iliyokaa juu ya rafu miezi mitatu ikipata vumbi. Lakini sisi wasomaji, ambao mali yetu haipungui thamani kuliko misumari wala unga, twasoma kitabu baada ya kitabu pasi na daftari wala hesabu, na mwisho wa mwaka mtu akituuliza tumesoma nini, twabaki kukumbuka rangi ya jalada moja na jina la mhusika mmoja, na yaliyosalia yote yamekwenda na upepo. Makusudio ya makala haya ni kumnasihi msomaji mwenzangu afunge hesabu ya usomaji wake kila mwezi unapokwisha. Na ili nasaha yangu isiwe maneno matupu, nitamwekea wazi hesabu yangu mwenyewe ya Julai mwaka 2025, faida yake na hasara yake, kisha nimwonyeshe jambo moja ambalo hesabu hiyo imenifunza kuhusu rai zetu juu ya vitabu.

Mimi nakaa Ruiru na riziki yangu iko Thika, mwendo wa takriban kilomita 20 kwa ile barabara kuu ya njia nyingi iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012. Asubuhi, wakati halaiki ya majirani zangu inapoelekea Nairobi na kukwama katika msongamano wa magari, mimi hushika upande wa pili, na katika matatu iendayo Thika saa hiyo kiti cha dirishani hakigombaniwi. Nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi si muda wa kutajwa mbele ya watu. Walakini Julai hiyo ilikuwa na siku 23 za kazi, na nusu saa mbili kwa siku 23 ni saa 23 kamili, wasaa ambao lau mtu angalinipa kwa mkupuo mmoja ningalimshukuru kama aliyenipa likizo. Basi shauri langu la awali ni hili: usingoje wasaa wa kusoma uje kwako umevaa kanzu na kilemba, kwani hauji, uokote katika makombo ya siku, kwenye foleni ya benki, kwenye benchi la zahanati, kwenye dakika za kungoja maji yachemke, na kitabu ukiweke mahali ambapo mkono utakifikia kabla haujaifikia simu. Mwezi wa Julai, ambao katika nchi yetu ya Kiambu ni mwezi wa ukungu na manyunyu, na jua huweza kujificha siku kadhaa mfululizo, humsaidia mwenye nia hiyo, maana hakuna akuitaye nje.

Shauri la pili ni kuchagua kabla mwezi haujaandama. Asiyechagua husoma kilicho karibu, na kilicho karibu aghalabu ni kile kile alichosoma jana kwa jina jingine. Mimi hujiwekea vitabu vitano, nikavipa kila kimoja kazi yake: kimoja kinihusu mahali nilipo, kimoja kinionyeshe kazi za watu, kimoja kiwe deni ambalo nimekuwa nikilikwepa, kimoja kiwe cha zamani katika Kiswahili, na kimoja kiwe kigumu kupita kimo changu. Wala si lazima vyote vinunuliwe. Bei ya vitabu haijamhurumia mtu wa kipato cha kati, hasa tangu mwaka 2013 ilipoanza kutozwa kodi ya asilimia 16 juu yake. Lakini Thika ina maktaba ya umma, iliyoanza kama tawi la lile shirika la maktaba la taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1965, tena kuna vitabu vya mitumba vinavyotandazwa juu ya gunia kando ya njia, na kuna marafiki ambao vitabu vyao vimelala kabatini vikingoja mtu wa kuviamsha. Aazimaye na kurudisha kwa wakati hakosi kitabu.

Ama daftari lenyewe, ni lile la kawaida la shule, la kurasa 96, lisilo na fahari yoyote. Kila kitabu nakipa kurasa mbili zinazotazamana. Juu naandika jina la kitabu, jina la mtunzi, mwaka kilipochapwa, tarehe nilipokianza na nilipokimaliza, na mtu au mahali kiliponijia. Ukurasa wa kulia nauita Nilichopewa, na wa kushoto nauita Nilichonyimwa. Na sharti nililojiwekea ni kwamba hakuna ukurasa utakaobaki mtupu. Nikikuta kwamba sina la kuandika upande wa kushoto, najua kwamba nimemwabudu mtunzi badala ya kumsoma, na nikikosa la kuandika upande wa kulia, najua kwamba nilikuja kwake na ugomvi wangu tangu nyumbani. Tena naandika kabla sijamsikiliza mtu mwingine yeyote, awe mhakiki wa gazeti au rafiki mwenye sauti kubwa, kwa kuwa rai ya kuazima, tofauti na kitabu cha kuazima, ni vigumu kuirudisha.

Kitabu cha kwanza cha Julai, kile cha mahali, kilikuwa The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959. Mtunzi alizaliwa mwaka 1907, akaletwa Thika akiwa mtoto mdogo muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, wazazi wake walipokuja kupanda kahawa juu ya ekari 500 ambazo baba, kama kitabu kisimuliavyo, alizinunua katika baa ya hoteli ya Norfolk mjini Nairobi kwa mtu aliyemkuta humo. Nusu ya kitabu niliisoma garini na nyumbani, na ukurasa wangu wa kulia ukajaa upesi: majani, wadudu, ndege, harufu ya udongo uliopata mvua, yote yameandikwa kwa jicho ambalo halikuchoka kutazama. Kisha Jumamosi moja nikakipeleka mpaka Blue Posts, hoteli iliyojengwa mwaka 1908 baina ya maporomoko mawili, ya mto Chania na ya mto Thika, nayo imetajwa kitabuni; nikaketi mahali ambapo ngurumo ya maji yasikika, nikaendelea kusoma. Hapo ndipo ukurasa wa kushoto ulipoanza kudai haki yake. Majina ya mito ile miwili ni ya kale kuliko hoteli, na walioyatoa walikuwapo kabla ya jembe la kwanza la mgeni. Nami nikisoma huku nikiyasikia maji, niliona kwamba jicho la mtoto lilimruhusu mtunzi kuona kila ua lakini asiliulize kwa uzito swali la hati ya shamba. Mtoto wa mwaka 1913 hana lawama. Lakini kitabu kiliandikwa na mtu mzima na kutoka mwaka 1959, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa haijaondolewa, na ardhi ilikuwa ndiyo kiini cha damu iliyomwagika. Nilikuwa nimedhani kwamba kukisomea mahali pake kungenifanya nikipende zaidi. Kumbe mahali palizidisha pendo na kuzidisha lawama kwa kipimo kimoja, na kurasa zote mbili zikatoka pale zimejaa.

Cha pili kilikuwa Going Down River Road cha Meja Mwangi, cha mwaka 1976, hadithi ya Ben na Ocholla, vibarua wa ujenzi katika jumba refu liitwalo Development House mjini Nairobi, wanaolipandisha jumba ghorofa baada ya ghorofa nao wenyewe wabaki chini. Sikuhitaji kusafiri ili kukisomea mahali pake, kwani Ruiru nzima leo ni uwanja wa mjengo. Palipokuwa na mashamba ya kahawa pamekatwa ploti za futi 50 kwa 100, na mkabala na dirisha langu, mwezi ule mzima, mafundi na watu wa mkono walikuwa wakipandisha ghorofa ya nne. Niliandika upande wa kulia kwamba sijaona mtunzi mwingine wa kwetu aliyeielewa njaa ya saa nne asubuhi, na uchovu wa kubeba saruji, na ule urafiki wa wanaume wawili ambao hauna maneno matamu ila una mkate wa kugawana. Upande wa kushoto niliandika kwamba wanawake wapita kitabuni kama wapita njia. Wini, mpenzi wa Ben, anaondoka na kumwacha mwanawe mikononi mwa Ben, nasi hatupewi fursa ya kuuingia moyo wake. Nikasema labda naonea, nikaenda kutazama. Mkabala na dirisha langu, katikati ya kokoto na mchanga, kuna kibanda cha mama auzaye githeri na chapati kwa wajenzi, na mama huyo ana daftari la madeni ambalo ndani yake mna jina la kila fundi, kiasi alichokula na siku atakayolipwa. Yaani kazi ile yote, tangu msingi hadi paa, imeegemea imani ya mwanamke mmoja. Nikarudi nikaiacha lawama yangu kama ilivyo, bila ya kufuta herufi, nami nakipenda kitabu vilevile.

Cha tatu kilikuwa deni. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025, na katika siku zile za maombolezo nilitahayari kwa kuwa sikuwahi kukimaliza kitabu chake kilichozaliwa karibu kabisa na kwangu. Alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda aliotunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na uliochezwa na wanakijiji wa Kamiriithu, akawekwa kizuizini Kamiti, gereza lisilo mbali na Ruiru. Na humo, juu ya karatasi za msalani, akaandika kwa Kikuyu riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ. Askari waliichukua, kisha akarudishiwa. Aliachiliwa Desemba 1978, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Mimi nilikisoma katika Kiswahili, kwa jina la Shetani Msalabani, na juma la kwanza niliandika upande wa kushoto neno moja zito: kirefu. Mashindano ya wezi na wanyang'anyi huko Ilmorog, ambamo kila mmoja asimama na kujigamba jinsi alivyowanyonya watu, yalinichosha, nikaanza kuruka kurasa.

Ikatokea kwamba mjomba wa mke wangu alikuja kutuamkia kutoka Gatundu, mzee ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma, akaniona na kitabu akaniuliza ni cha nani. Nilipomjibu, akaniambia, "Basi kisome kwa sauti, mwanangu, nami nisikie." Nikasoma, na nilipofika penye mashindano nikataka kuruka, akaniinulia mkono: "Usiruke. Hawa mimi nawafahamu." Akacheka mpaka akafuta machozi, hadi tulipofika kwa yule Gĩtutu anayeshauri kwamba udongo utiwe makoponi na hewa ifungwe ili wakulima na wafanyakazi wauziwe, hapo mzee akanyamaza, akatazama dirishani kwenye ploti zetu, wala hakucheka tena jioni hiyo. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia jinsi kitabu hicho kilivyosomwa kwa sauti majumbani, kazini na hata katika baa, ambamo msomaji alinyamaza glasi yake ilipokauka mpaka wasikilizaji wakamjazia nyingine. Niliyoyaona marefu kwa macho hayakuwa marefu kwa masikio. Nikarudi daftarini nikalikata neno lile, ila si lote: bado naona kwamba mwisho wa Warĩĩnga, msichana aliyejifunza ufundi wa magari na kusimama kwa miguu yake, umeletwa kwa haraka, na bastola imejibu swali ambalo riwaya ilikuwa na uwezo wa kulijibu kwa kina. Lakini lawama hiyo sasa naitia sahihi nikiwa na yakini, kwa kuwa nimekisikia kitabu kama kilivyotaka kusikiwa.

Cha nne kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, na hiki nilikuwa nimekisoma shuleni. Ni habari za nchi iliyo angani, ambamo Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye ajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini pia, wakarudi na manufaa kwa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Nilipokimaliza mara ya kwanza nikaandika kushoto kwamba wajumbe hawa hawana nyama wala mifupa, kwamba ukimjua mmoja umewajua wote, na kwamba kisa kimoja kimekaririwa mara sita. Nikafunga daftari, wala sikuligusa siku kumi. Siku hizo kumi nilikuwa nikienda na kurudi kazini, na katika ukimya wa matatu yale makariri yakawa yanafanya kazi kichwani bila ya idhini yangu: mjumbe mmoja akifungwa, msomaji aweza kusema ni bahati mbaya; wawili, aweza kusema ni kosa la hakimu; lakini wanapotimia sita, hakuna tena pa kukimbilia, na mshitakiwa si Karama, ni nchi nzima. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, na aliyetumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, alijua kwamba shauri hushinda kwa ushahidi unaorundikana. Sentensi ile ile niliyokuwa nimeiandika kushoto nikaihamishia kulia, na hilo halikuwa limewahi kunitokea tangu nianze kuweka daftari.

Sisi wa Ruiru tungepaswa kulijua somo hili la kungoja kabla ya kuhukumu bila ya kufundishwa na riwaya. Kahawa haionjwi siku inapochumwa. Huchaguliwa, ikamenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikakobolewa, ndipo ikakaangwa na mtu akasema ladha yake ikoje. Na ule mche uitwao Ruiru 11, uliotolewa na watafiti wa hapa kwetu mwaka 1985 baada ya majaribio ya miaka mingi, hadi leo wakulima wana rai mbili juu yake: wausifu kwa sababu unahimili maradhi ya chulebuni na kutu ya majani, na kuwapunguzia gharama ya dawa, na papo hapo wengi wao hukuambia kwamba kikombe chake hakifikii kile cha mche wa zamani uitwao SL28. Wala mkulima asemaye hivyo hahesabiwi kuwa kigeugeu; huhesabiwa kuwa mtu aliyepanda na kuvuna. Hiyo ndiyo hali ya msomaji mwenye rai mbili juu ya kitabu kimoja. Watu wakimwuliza kama kitabu ni kizuri au kibaya, naye akaanza kueleza, humwona kama mtu mwoga akwepaye kusema. Ilhali huenda ni yeye peke yake aliyefika mwisho wake.

Kwa hiyo nasaha iliyo kubwa kuliko zote katika makala haya, ambayo lau msomaji atasahau nyingine zote ningependa aikumbuke, ni kwamba kabla hajaithibitisha lawama yake juu ya kitabu, aipitishe katika majaribio matatu: jaribio la mahali, jaribio la sauti na jaribio la muda. Akiweza, na akisomee kitabu pale kinapozungumzia, au awatafute watu wa kazi inayosimuliwa. Kurasa zile ngumu azisome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu aliyemzidi umri. Na baada ya kumaliza akiache kitabu walau siku kumi kabla ya kuandika neno la mwisho. Lawama nyingine zitaanguka njiani, kama lile neno "kirefu" lilivyoanguka mbele ya mjomba. Nyingine zitageuka kuwa sifa, kama makariri ya Kusadikika. Na nyingine, kama ile ya wanawake wa River Road na ile ya ardhi ya Thika, zitatoka upande wa pili zimekomaa. Zile zitakazosalia ndizo za mtunzi. Zilizoanguka zilikuwa za msomaji mwenyewe, uchovu wake, haraka yake, au kelele ya mahali alipoketi, na insafu yadai kwamba mtu asimtoze mwenziwe deni lake mwenyewe. Na majaribio hayo hayo ndiyo ya kupitishia sifa, kwani ziko sifa ambazo haziwezi kustahimili kusomwa kwa sauti mara moja.

Kuna tahadhari mbili ambazo napenda kuziongeza. Ya kwanza ni juu ya idadi. Wako wasomaji wanaoshindana kwa hesabu ya vitabu, huyu kumi na yule ishirini kwa mwezi, na vijana wengine huvunjika moyo wanapoona kwamba wao wamesoma kimoja tu. Thika kuna shule ya wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambamo watoto husoma kwa ncha za vidole. Na kitabu kimoja chembamba cha kawaida, kikiandikwa kwa nukta nundu, huwa majuzuu kadhaa makubwa ya kubebwa kwa mikono miwili. Nikikumbuka uzito wa ukurasa mmoja mikononi mwa msomaji wa namna hiyo, naona haya kujisifu kwa vitabu vitano. Swali la kujiuliza mwisho wa mwezi ni kitabu kipi kimebadili namna nitazamavyo jambo moja, hata likiwa dogo. Na msomaji akiwa nacho kimoja, mwezi wake haukupotea.

Tahadhari ya pili ni juu ya ushirika. Daftari ni la mtu mmoja, lakini si siri. Mtafute mwenzako mmoja, mke au mume, mwalimu wa jirani, hata dereva mnayezoeana naye njiani, mkutane mara moja kwa mwezi, na kila mmoja asome kurasa zake mbili kwa mwenziwe. Kisha mwazimishane vitabu na msiazimishane hukumu. Mke wangu alisoma The Flame Trees of Thika baada yangu, na ukurasa wake wa kulia umejaa habari za yule mama mzungu aliyeachwa apange nyumba mahali pasipo na nyumba, jambo ambalo mimi nililipita bila ya kuligeukia. Rai yake haikuondoa yangu, ila sasa najua kwamba ukurasa wangu ulikuwa na nafasi niliyoiacha tupu pasi na kujua.

Imebaki habari ya kitabu cha tano, na hapa hesabu yangu ina upungufu ambao sitauficha. Kilikuwa Nagona cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, mtunzi ambaye baada ya riwaya za uhalisi kama Rosa Mistika ya mwaka 1971 aliigeuza njia yake akaandika, mwaka 1990, kitabu hiki chembamba ambacho chaweza kukaa katika mfuko wa koti. Nilikianza mara mbili. Mara zote mbili nilimfuata msimulizi katika safari yake, nikapita naye penye vivuli vya wanafalsafa na penye yule paa anayewindwa, na mara zote mbili nikapotea kabla ya nusu, nikashindwa kujua nimesimama mahali gani. Mwisho wa mwezi ulipofika, ukurasa wa kulia ulikuwa na mstari mmoja, ule wa kushoto hauna kitu. Na sharti langu, kama msomaji akumbukavyo, ni kwamba hakuna ukurasa utakaobaki mtupu. Nikashika kalamu niandike kwamba kitabu hakieleweki. Lakini ningeandikaje lawama ambayo sijaipitisha katika jaribio hata moja? Sikuwa nimekisoma kwa sauti, wala sikukiacha kikae, wala sikuwa na hakika kwamba asiyeeleweka ni kitabu.

Mwenye duka asiyelipwa mwezi huu halifuti deni wala hamtangazi mdaiwa kuwa mwizi; huchora mstari, akaliandika jina lile lile juu ya ukurasa wa mwezi ujao, na kando yake akaandika kwamba limeletwa mbele. Nami nikafanya hivyo. Usiku wa tarehe 31 Julai nikachora mstari chini ya vitabu vinne, nikafunua ukurasa mpya, nikaandika juu yake Nagona, deni la Julai. Na asubuhi ya Ijumaa, tarehe 1 Agosti, nikapanda matatu ya Thika, nikaketi dirishani, nikakifungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza, na kwa kuwa jirani yangu alikuwa bado amelala, nikaanza kusoma kwa sauti ndogo.